Jina la Faili ni Sehemu ya Ramani

Utangulizi

Mwalimu wa Jiografia wa leo hakosi njia ya kupata ramani ya mahali anapofundisha. Akiwa na kompyuta moja na programu ya QGIS, ambayo hailipiwi, aweza kuandika skripti, yaani mlolongo wa maagizo unaoandikwa mara moja na kutekelezwa na kompyuta mara nyingi, na kwa muda mfupi akapata ramani ya kila kata ya wilaya yake. Kazi ambayo zamani ingemchukua mchoraji miezi kadhaa huisha kabla kengele ya kipindi haijagongwa. Hiyo ni neema, wala makala haya hayakusudii kuibeza.

Tunalokusudia kusema ni jambo moja tu. Katika kufundisha kazi hiyo tunaelekea kukomea mahali pasipofaa. Twamfundisha mwanachuo namna ya kufungua data, ya kupaka rangi, ya kuandika agizo la kurudia kazi ileile kwa kila kata. Kisha, ramani zinapoanza kutoka, twaiachia kompyuta ichague majina ya mafaili. Maoni yetu ni kwamba jina la faili ni sehemu ya ramani, kama zilivyo fremu, dira, ufunguo na skeli. Kwa hiyo kanuni ya kuyatunga majina hayo yapasa ifundishwe, ijaribiwe, na itolewe maksi sawa na sehemu nyingine za kazi.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa kurasa kama hizi. Twamwomba atuvumilie mpaka tumwonyeshe linavyoweza kuharibu somo zima.

Zoezi la ngitili

Ili tusizungumze hewani, tuchukue zoezi moja. Kata ya Sola imo katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na tena ni nchi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yake yatunzwe na kuliwa na mifugo wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao ulihimiza wananchi kuzirudisha ngitili katika nchi iliyokuwa imekatwa miti kwa muda mrefu. Wakati ule Maswa ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga.

Tuseme basi kwamba wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Sola na za kata jirani wametakiwa kuandaa ramani zinazoonyesha mahali palipo na miti na majani katika kila kata ya wilaya, kwa nyakati tatu: miaka ya mwanzo ya HASHI, wakati Mkoa wa Simiyu ulipoundwa, na miaka ya hivi karibuni. Picha za setilaiti za Landsat zapatikana bila malipo, na skripti moja yaweza kuzikata kwa mipaka ya kata zote. Kwa kila kata hutoka mafaili matatu. Kwa wilaya nzima hutoka mafaili mengi kuliko awezavyo mtu kuyakumbuka.

Mwanachuo asipotoa agizo lake mwenyewe, kompyuta itayaitaje? Katika QGIS, chombo cha kutengenezea atlasi huyaita output_1, output_2, output_3, na kuendelea hivyo mpaka kata ya mwisho. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni kitu kilichotoka. Msomaji ataona kwamba jina la namna hiyo halisemi chochote ambacho hakikuwa kikijulikana: kila faili lililotoka ni kitu kilichotoka. Halitaji kata, wala mwaka, wala jambo linaloonyeshwa. Siku ile ile mwanachuo aweza kukumbuka kwamba namba 27 ni Sola. Baada ya muhula mmoja hataikumbuka, na mwalimu atakayerithi kazi yake hakuwa na njia ya kuijua tangu mwanzo.

Makosa manne

Wapo wanachuo wanaoona upungufu huo na kuamuru faili liitwe kwa jina la kata. Hiyo ni hatua njema, lakini haitoshi. Kuna makosa manne ambayo humngoja mtu hapo.

(a) Majina yanayofanana. Jina la kata si la kata moja tu. Kuna Kata ya Sukuma katika Wilaya ya Maswa, na kuna Kata ya Sukuma katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Kuna Kisesa ya Meatu na kuna Kisesa ya Magu. Zoezi letu likipanuliwa hata likavuka mpaka wa mkoa, skripti itatengeneza ramani ya Kisesa ya kwanza na kuihifadhi. Itakapofika Kisesa ya pili itatunga jina lile lile na kuandika juu ya faili la awali. Skripti nyingi hufanya hivyo bila kutoa onyo lolote. Mwanachuo ataona kazi imekwisha salama, na ramani ya kata moja itakuwa imetoweka. Jambo baya zaidi ni kwamba faili lenye jina la Kisesa litakuwapo, tena litafunguka vizuri, ila litaonyesha Kisesa nyingine. Kukosa ramani ni hasara ndogo kuliko kuwa na ramani ya mahali pengine ukaiamini.

(b) Ritifaa. Katika Wilaya ya Maswa kuna kata za Seng'wa, Ng'wigwa na Mwang'honoli. Kila mwalimu wa lugha ajua kwamba ritifaa iliyomo katika majina hayo si pambo: ndiyo inayotenganisha sauti ya ng'ombe na sauti ya ngoma, na ndiyo inayotuelekeza kulisoma jina la Ng'wigwa tofauti na jina la Nguliguli, ambayo pia ni kata ya Maswa. Lakini katika lugha nyingi za kompyuta alama hiyo hiyo hutumika kufungia maneno. Skripti iliyoandikwa pasipo hadhari ikikutana na Seng'wa hudhani kwamba neno limekwisha katikati, na kazi husimama. Tena alama hiyo ina maumbo mawili, lililonyooka na lililopinda. Kwa jicho letu ni moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali. Data za mwaka mmoja zikiwa na umbo moja na za mwaka wa pili umbo jingine, basi Ng'wigwa moja itakuwa na majina mawili, na ulinganisho wa miaka utaikosa.

(c) Mipaka inayobadilika. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka katika Mkoa wa Shinyanga. Wilaya mpya ya Itilima ilimegwa kutoka Bariadi, na Busega ikamegwa kutoka Magu ya Mkoa wa Mwanza. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia Mkoa wa Simiyu watu 1,584,157, na ile ya mwaka 2022 ikauhesabia watu 2,140,497. Mwanafunzi atakayetafuta Simiyu katika sensa ya mwaka 2002 hataiona. Na mwanafunzi atakayechukua faili lililoitwa shinyanga_2002 na jingine lililoitwa shinyanga_2012 atapata jambo la kutisha: mkoa uliokuwa na watu zaidi ya 2,700,000 umebaki na watu 1,534,808. Kwa kuwa majina ni mamoja, atadhani nchi ni moja, naye atatafuta njaa au maradhi yaliyowaondoa watu milioni nzima, na kumbe kilichobadilika ni mipaka tu. Kosa hilo si la hesabu, maana hesabu zote ni sahihi. Kosa limo katika majina mawili yanayodai kufanana.

(d) Tarehe. Katika zoezi letu twataka ramani ya wakati mkoa ulipoundwa, yaani mwaka 2012. Lakini Landsat 5 iliacha kupiga picha zake za kawaida mwezi Novemba 2011, na Landsat 8 haikurushwa mpaka Februari 2013. Katikati yao kulikuwa na Landsat 7, ambayo tangu Mei 2003 picha zake zina mistari mitupu kwa sababu ya kuharibika kwa sehemu moja ya chombo chake. Mwanachuo mwenye busara atachagua picha ya mwaka 2013. Je, faili aliite 2012, kwa kuwa ndio mwaka alioutaka, au 2013, kwa kuwa ndio mwaka wa picha? Na mwezi je? Ngitili iliyopigwa picha mwezi Machi, nchi yote ikiwa kijani, haifanani na ngitili iliyopigwa picha mwezi Septemba, wakati yenyewe tu ndiyo iliyobakiwa na majani. Anayelinganisha Machi ya mwaka mmoja na Septemba ya mwaka mwingine aweza kuthibitisha lolote alitakalo. Jina lisilotaja setilaiti wala tarehe kamili ya picha huuficha udhaifu huo. Jina lenye kuvitaja humlazimisha mtazamaji kuuliza.

Wakati jina lina kila kitu

Hutokea tena kwamba jina la faili si kielekezi tu, bali ndimo elimu yenyewe ilimohifadhiwa. Mfano ulio wazi ni ule wa vipimo vya miinuko ya dunia vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha angani Endeavour mwezi Februari 2000. Vipimo hivyo hugawiwa katika mafaili, kila faili likiwa na eneo la nyuzi moja kwa moja. Faili lenye vipimo vya kina lina safu 3,601 za miinuko, na kila safu ina namba 3,601; jumla ni miinuko 12,967,201. Ndani ya faili hilo hamna kitu kingine ila miinuko hiyo. Hamna latitudo, hamna longitudo, hamna jina la nchi. Mahali pake pameandikwa katika jina peke yake: S03E033 maana yake ni kwamba pembe ya Kusini-Magharibi ya eneo hilo iko nyuzi 3 Kusini na nyuzi 33 Mashariki. Mji wa Magu umo katika eneo hilo.

Sasa tuseme mtu amelibadili jina hilo kwa kuteleza kidole, likawa S04E033. Programu italipokea bila ubishi. Nchi yote ya Magu itahamishwa kiasi cha kilometa 111 kuelekea Kusini, na vilima vyake vitaonekana vimesimama mahali pa Shinyanga mjini. Na kama mtu, kwa nia njema ya kurahisisha mambo, ameliita faili hilo magu, programu haitajua kabisa pa kuiweka nchi hiyo.

Mfano wa pili ni wa mtindo wa shepufaili, uliotolewa na kampuni ya Esri ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambao hata leo hutumika sana kugawia mipaka ya kata na vijiji. Kitu tunachokiita faili moja la mtindo huo kwa kweli ni mafaili matatu au zaidi: moja lina maumbo, la pili lina orodha ya kuyatafutia maumbo, la tatu lina jedwali la maelezo. Yanayoyafunga pamoja si kamba nyingine ila jina moja. Ukilibadili jina la lile la maumbo ukayasahau mengine, umewatenganisha watu wa nyumba moja: mipaka ya Sola itabaki upande mmoja, na neno Sola litabaki upande mwingine.

Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii unadhifu wa folda. Twazungumzia ukweli wa kazi.

Kanuni tunayoipendekeza

Kanuni njema hujibu maswali yale yale ambayo mwalimu wa Jiografia huyauliza kila siku: wapi, nini, lini. Twapendekeza jina liwe na sehemu zifuatazo, kwa utaratibu huu: namba ya mkoa, wilaya, kata, mada, chombo kilichopima, tarehe ya kipimo, na toleo. Katika sensa Mkoa wa Simiyu una namba 24 na Shinyanga namba 17. Kwa hiyo ramani ya Sola iliyotokana na picha ya Landsat 8 ya, tuseme, tarehe 14 Septemba 2022, itaitwa:

24_maswa_sola_ngitili_l8_2022-09-14_t01

Mtu asiyewahi kuiona kompyuta ya mwanachuo huyo aweza kulisoma jina hilo na kueleza kilichomo.

Katika kuliandika, mambo machache yazingatiwe. Herufi zote ziwe ndogo, maana kompyuta nyingine huona Sola na sola kuwa majina mawili na nyingine huyaona kuwa moja. Pasiwe na nafasi kati ya maneno. Mistari ya chini itenganishe sehemu za jina. Ritifaa iondolewe katika jina la faili, lakini ibaki katika kichwa cha ramani na katika jedwali, kwa sababu wananchi wa Ng'wigwa wana haki ya kuliona jina lao limeandikwa ipasavyo. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yakipangwa kwa herufi yawe yamepangwa pia kwa wakati. Namba zitangulizwe sifuri, yaani 01, 02 mpaka 10; la sivyo kompyuta huweka 10 na 11 kabla ya 2. Na jina lisirefushwe kupita kiasi, kwa sababu mifumo mingi ya Windows bado huwa na mpaka wa herufi 260 kwa jina la faili pamoja na folda zake zote.

Katika skripti yenyewe jambo hili ni la mstari mmoja:

jina = mkoa + "_" + wilaya + "_" + kata + "_" + mada + "_" + chombo + "_" + tarehe + "_" + toleo

Kila neno katika mstari huo huchukua thamani yake kutoka jedwali la kata na maelezo ya picha, na skripti inapoingia kata nyingine, jina hubadilika lenyewe. Katika atlasi ya QGIS kuna kisanduku maalumu kinachopokea kanuni ya namna hiyo. Hakuna ugumu wa kiufundi unaoweza kuwa udhuru wetu.

Twaongeza jambo moja. Skripti iamriwe kuandika daftari, yaani jedwali lenye jina la kila faili lililotoka, jina kamili la kata pamoja na ritifaa yake, na mwaka wa mipaka iliyotumika. Mwaka huo wa mipaka ndio utakaomwokoa mwanafunzi wa mwaka 2040 asiichanganye Maswa iliyokuwa Shinyanga na Maswa iliyo Simiyu.

Namna ya kufundisha

Somo hili halihitaji kompyuta nyingi, na sehemu yake iliyo bora haihitaji hata moja. Twapendekeza vipindi viwili vinavyofuatana.

Hatua ya kwanza, mkufunzi aanze na jambo ambalo wanachuo wanalijua. Mkulima wa Kisukuma akisema luseni, msikilizaji hufahamu kwamba ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu. Akisema mbuga, hufahamu kwamba ni udongo mweusi mzito wa bondeni. Neno moja limetaja aina ya udongo pamoja na mahali pake katika mteremko. Wanachuo waulizwe: jina lifanyalo kazi mbili kwa pamoja limejengwaje?

Hatua ya pili, waandikiwe ubaoni majina ya kata ishirini hivi za Maswa, Meatu na Magu, Sukuma mbili na Kisesa mbili zikiwamo, pamoja na Seng'wa na Ng'wigwa. Kila kikundi kitunge kanuni yake ya majina kwa kalamu na karatasi. Mkufunzi asiwaambie mitego iliyomo. Vikundi vibadilishane karatasi na kila kimoja kitafute mahali ambapo kanuni ya wenzao inavunjika.

Hatua ya tatu, darasa lichague kanuni moja, nayo iandikwe katika skripti. Kama kompyuta ni moja, mwanachuo mmoja aandike na wengine wamwelekeze.

Hatua ya nne ni kuhesabu. Kata zilizoingia zikiwa 20 na nyakati 3, mafaili yanayotoka yawe 60. Yakiwa 57, kuna kata moja ambayo nyingine imeimeza. Hesabu hii ya mtoto wa darasa la tatu hugundua kosa ambalo programu haikulitaja, na twasikitika kwamba haimo katika mazoea yetu.

Hatua ya tano, kikundi kimoja kikabidhi mafaili yake kwa kingine bila maelezo ya mdomo. Wapokeaji waseme kila faili ni la nini kabla ya kulifungua. Wakikwama, maksi zipunguzwe kwa waliotoa, wala si kwa waliopokea.

Hoja za wanaopinga

Wenzetu wengine husema kwamba kuyapa mafaili majina ni kazi ya karani, na kwamba mwanachuo aliye na saa chache za maabara asipotezewe muda. Twawajibu kwamba mwalimu aliye peke yake katika shule ya kata hana karani. Yeye ndiye mpimaji, mchoraji, mtunzaji na mkabidhi. Akihamishwa, kazi yake hubaki katika kijisanduku cha kuhifadhia data kilichofungiwa kabatini, na mrithi wake hana wa kumwuliza.

Wengine husema kwamba mafaili ya kisasa yana maelezo ndani yake, kwa hiyo jina si kitu. Kuna kweli katika hoja hii. Picha za mtindo wa GeoTIFF hubeba latitudo na longitudo zake, na hata ukiziita kwa jina la ovyo zitakaa mahali pake. Lakini hazibebi zenyewe jina la kata, wala sababu ya kutengenezwa, wala neno la kusema kwamba toleo la pili limesahihisha la kwanza. Na mtu huchagua faili kwa kusoma jina lake. Maelezo ya ndani huyasoma, kama huyasoma, baada ya kwisha kuchagua.

Hoja ya tatu yahusu lugha. Wako wasemao kwamba majina ya mafaili yaandikwe kwa Kiingereza ili wageni wayaelewe. Sisi twaona kwamba ramani ya Sola ni ya watu wa Sola kwanza. Neno ngitili halina neno moja la Kiingereza lenye kutosha. Ukiliita msitu umekosea, ukiliita malisho umekosea pia. Mgeni atakayelitaka na alijifunze, kama alivyojifunza maneno mengine ya taaluma yake.

Hitimisho

Tufikiri ramani zile za ngitili zinakokwenda baada ya maksi kutolewa. Nyingine hubandikwa ukutani darasani. Nyingine huombwa na ofisi ya kata. Yawezekana siku moja moja yao ikawekwa mbele ya Baraza la Kata linalowasuluhisha wanakijiji wawili wanaogombea mpaka wa malisho, kila mmoja akidai kwamba miti ilikuwapo upande wake tangu mwanzo. Hapo wazee watauliza: ramani hii ni ya wapi, na ni ya mwaka gani? Ikiwa jibu ni output_27, ni heri ramani hiyo isingeletwa. Ikiwa jibu limo katika jina lake, mwalimu atakuwa ameisaidia jamii kwa elimu ambayo haikumgharimu zaidi ya mstari mmoja wa maagizo.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wakufunzi wa Jiografia na wa Teknolojia ya Habari: kuanzia mazoezi ya kufundisha yajayo, karatasi ya kusahihishia kazi za ramani iwe na kipengele cha kanuni ya majina, nacho kipewe maksi zisizopungua zile za ufunguo. Mwanachuo asiyeweza kueleza kwa nini faili lake limeitwa hivyo arudishiwe kazi akaifanye upya. Wenzetu waliojaribu utaratibu mwingine vyuoni mwao, au wanaoona kwamba kanuni yetu ina kasoro, twawakaribisha waandike katika jarida hili ili tuirekebishe pamoja.